Bosi anataka hesabu yake: majibu kwa mnaohangaika na tafiti za uhasibu na fedha

Maswali ya mwezi huu karibu yote yametoka kwa watu wanaosoma masters ya uhasibu au fedha, nadhani ni msimu wa kukabidhi tasnifu maana kila barua ina harufu ya kukosa usingizi. Ila moja limetoka kwa mtu ambaye hasomi chochote, kaoa tu anayesoma. Huyo ndo naanza naye.

Shikamoo mwalimu. Nina bodaboda mbili na bajaji moja hapa Morogoro. Mke wangu anasoma masters ya fedha, kila siku nyumbani ni ejensi thiori, ejensi thiori, na ada nalipa mimi. Hiyo kitu inamsaidia nini mtu kama mimi? Mwenye Bajaji, Morogoro

Marahaba ndugu yangu, na pole kwa ada. Sasa nikwambie, hiyo ejensi thiori, yaani nadharia ya uwakala, imeandikwa kwa ajili yako wewe kabisa, ni vile tu hawakukutaja jina.

Kila jioni dereva wa bajaji anakuletea hesabu, si ndio? Tuseme elfu ishirini. Siku hiyo kapata elfu ishirini na mbili au kapata hamsini, anayejua ni yeye. Ukimuuliza leo ilikuwaje utaambiwa mvua, utaambiwa foleni, utaambiwa askari, na huwezi kukaa kiti cha nyuma kutwa nzima umchunge, una mambo yako. Ndo maana mkawekeana kiwango: ikizidi ni yake, ikipungua atajua mwenyewe. Mpango mzuri, mpaka saa kumi na moja jioni ambapo dereva ana elfu kumi na tatu tu mfukoni. Hapo ndo anakata kwenye korongo kukwepa foleni, anabeba watu wanne na gunia la mkaa, breki anashika dakika ya mwisho. Shokapu ni zako, sio zake. Gereji unaenda wewe.

Basi ndo hiyo hiyo. Mwaka 1976 Michael Jensen na William Meckling waliandika makala kwenye Journal of Financial Economics wakasema mali ikiwa ya mtu mmoja na anayeiendesha ni mwingine, na huyu anayeiendesha anajua mambo ambayo mwenyewe hayajui, kuna gharama haikwepeki. Utaingia gharama kumchunga, au yeye ataingia gharama kukuhakikishia kwamba ni mwaminifu, na hata mkifanya yote hayo bado kuna hasara itabaki tu. Toa dereva weka meneja mkuu, jitoe wewe weka wenye hisa elfu kumi waliotawanyika nchi nzima, badala ya jicho lako pale kijiweni weka bodi na mkaguzi wa hesabu. Huo ndo utawala wa makampuni, hakuna uchawi mwingine.

Na utamu ni kwamba kuna watu wameenda kuipima kwenye biashara kama yako. Erin Kelley, Gregory Lane na David Schönholzer walifunga vifaa vya GPS kwenye matatu, yaani daladala za Kenya, zaidi ya 200 Nairobi. Kule mfumo ni ule ule, wao wanaita target. Gari zote zikafungwa kifaa lakini nusu tu ya wenye gari, waliochaguliwa kwa bahati nasibu, ndo wakapewa apu kwenye simu ya kuona gari liko wapi, limefanya kazi saa ngapi na linaendeshwaje. Mi kabla sijasoma matokeo niliapa kwamba wenye gari watapandisha target, si wameshajua dereva anapata ngapi? Wakaishusha bwana! Maana mwenye gari alikuwa anakaba target kwa sababu haoni, sasa anaona, anaweza kumwambia dereva nakupunguzia lakini gari langu usinipitishie kwenye mashimo. Madereva wakafanya kazi muda mrefu zaidi, uharibifu wa gari ukapungua, faida ya mwenye gari ikapanda.

Kwa hiyo kabla hujamgombeza mtu kuhusu ada, mwonyeshe mama watoto hilo daftari lako la hesabu, lile la kava gumu unaloandika kila jioni. Lina miaka mingapi? Kama ni mitatu na kuendelea, na wenzako wa kijiweni wanayo ya kwao, topiki ya tasnifu iko uvunguni mwa kitanda.

Mwalimu, supavaiza kanirudishia topiki mara ya tatu. Niliandika "Athari za utawala wa kampuni kwenye faida za mabenki ya biashara Tanzania". Anasema imechoka. Imechoka vipi wakati mabenki bado yapo? Nimechanganyikiwa, Dodoma

Umenichekesha, lakini supavaiza wako yuko sahihi, nami nitakwambia kwa nini maana nimesoma tasnifu za topiki hiyo nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Zinakwenda hivi. Sura ya kwanza Enron, ile kampuni ya nishati ya Marekani iliyopika hesabu, ilianguka Desemba 2001. Sura ya pili nadharia ya uwakala. Sura ya tatu dodoso. Na dodoso lenyewe limepelekwa tawini saa saba mchana, likajazwa na tela, yule karani wa dirishani, aliyekuwa anasubiri chakula: "Bodi ya benki yenu iko huru katika maamuzi: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa." Sasa jamani tela wa tawi bodi ameiona lini? Anaweka tiki kwenye "nakubali" kwa sababu jina la benki liko juu ya fomu na hajui fomu itafika wapi. Unakusanya tiki 120, unaingiza kwenye SPSS, ile programu ya takwimu, inakutolea kwamba utawala bora unaongeza faida. Hujapima bodi hapo, umepima tu adabu ya tela.

Hilo moja. La pili ni gumu zaidi hata kwa maprofesa, nalo ni kujua nini kimesababisha nini. Tuseme umekuta benki zenye wajumbe wengi wa bodi wa kutoka nje, yaani wasio waajiriwa wa benki, zina faida ndogo. Je, wajumbe wa nje wanaua faida? Benjamin Hermalin na Michael Weisbach waliangalia kampuni za Marekani, kwenye makala yao ya 1988, wakakuta kampuni ikishafanya vibaya ndipo inaongeza wajumbe wa nje. Yaani mgonjwa kaitiwa daktari, wewe umefika umemkuta daktari pembeni ya kitanda unasema daktari ndo kamtia homa. Ukiweka hii hoja kwenye sura ya tatu na kuonyesha utaikwepaje, supavaiza atakaa vizuri kwenye kiti.

Utaikwepaje? Tafuta tukio ambalo kampuni hazikulichagua zenyewe. Majirani zetu Kenya waliweka ukomo wa riba Septemba 2016, mkopo usizidi riba ya Benki Kuu kwa zaidi ya asilimia 4, wakaja kuuondoa Novemba 2019. Hakuna benki iliyochagua ile sheria wala tarehe yake. Iliwapiga wote lakini haikuwapiga sawa, aliyekuwa anakopesha wafanyabiashara wadogo kwa riba kubwa aliumia tofauti na aliyekuwa amejaza hati fungani za serikali. Hapo una kabla, una baada, una walioguswa sana na walioguswa kidogo. Nenda kaone bodi zipi zilibadilisha mwelekeo haraka na zipi zilikaa zinasubiri.

Au achana na namba, soma maneno. Waingereza kwenye ripoti ya Cadbury ya 1992 walileta utaratibu wa "fuata au eleza", yaani kampuni ikiona kanuni haiifai inaruhusiwa kutoifuata lakini iseme hadharani kwa nini. Kenya kwenye kanuni zao za 2015 kwa kampuni zinazouza hisa kwa umma wakaita "tumia au eleza". Sasa kaa na ripoti za mwaka za kampuni hata kumi na tano za soko la hisa la Nairobi, tafuta zile aya za kueleza. Zingine zina sababu ya maana, zingine zimekopi aya ya mwaka jana neno kwa neno, wamebadilisha mwaka tu. Hesabu zilizokopiwa. Mi ningesoma tasnifu hiyo mpaka mwisho, na hakuna tela atakayesumbuliwa akila.

Data mnazo, tatizo hamzifungui. Mabenki yetu yanatoa hesabu kila robo mwaka kwenye magazeti na kwenye tovuti zao, kampuni za DSE, soko la hisa la Dar es Salaam, zinaweka ripoti zenye majina ya wajumbe, nani kahudhuria vikao vingapi na mkaguzi kalipwa shilingi ngapi, ripoti za CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, ziko wazi kwa mwenye bando. Dodoso liwe la mwisho kabisa, ukishakosa vyote.

Mwalimu hujambo, nakuandikia kutoka Mombasa. Data zangu zimekataa. Ile p imekuja 0.11 na nilitegemea chini ya 0.05. Rafiki yangu aniambia nitoe mistari kumi na moja ya data, itakaa sawa, ati kila mtu afanya hivyo. Nifanyeje? Bi. Takwimu

Sijambo dada, na huyo rafiki yako muepuke mpaka umalize shule.

Kwa wasioijua, p ni uwezekano wa kupata matokeo kama haya hata kama hakuna uhusiano wowote. Sasa kwanza hiyo 0.05 haikushuka na malaika. Ronald Fisher, mtaalamu wa takwimu wa Uingereza, aliandika mwaka 1925 kwamba ni mahali panapofaa kuweka mpaka, basi dunia nzima ikaparamia. 0.11 haimaanishi umefeli, inamaanisha kwa data ulizonazo huwezi kusema kwa uhakika kwamba kuna uhusiano. Hilo nalo ni jibu, liandike hivyo hivyo, sema sampuli yako ilikuwa ngapi na ilikuwa na uwezo wa kuona nini.

Halafu kuna jambo la aibu kidogo kwetu sisi watu wa uhasibu. Mwaka 1997 David Burgstahler na Ilia Dichev walichukua faida za maelfu ya kampuni za Marekani wakazichora kwenye grafu. Ungetegemea mlima laini wa kupanda na kushuka. Wakakuta pale karibu na sifuri pamekatika: kampuni zilizopata hasara kiduchu ni chache mno, na zilizopata faida kiduchu ni nyingi mno, kama vile kuna mtu amezishika mkono zile za hasara akazivusha mstari. Makala ikasifiwa, mpaka leo tunaifundisha. Basi watu wakaja kuchora grafu ya aina hiyo kwa matokeo ya watafiti wenyewe kwenye majarida ya uchumi, na unadhani walikuta nini? Bonde lipo kabla ya mpaka na rundo lipo upande unaotakiwa. Wale wale tunaowacheka mameneja kwa kuvusha faida mstari, usiku tunavusha p.

Na wapo waliovusha zaidi ya p. James Hunton alikuwa profesa mkubwa wa uhasibu, chuo kikuu cha Bentley, Marekani, anaandika mfululizo mpaka wenzake wanashangaa analala saa ngapi. Makala yake moja ya 2010 ilihusu wakaguzi wanavyokaa pamoja kubuni mbinu za kugundua wizi, akasema imefanyika kwenye ofisi 150 za kampuni moja ya ukaguzi. Watu wakaanza kuhesabu, ofisi 150 Marekani kampuni gani inazo? Jarida lililoichapisha, The Accounting Review, wakaiondoa makala mwaka 2012, Bentley ikachunguza, 2014 ikasema data zilitungwa, na mwisho wake zaidi ya makala 30 zikafutwa. Utafiti wa kukamata wezi, wenyewe wa kutunga! Mkaguzi yeyote angeanzia hapo hapo walipoanzia wao: nionyeshe orodha ya ofisi.

Kwa hiyo mistari kumi na moja usiiguse. Kama mmoja kati ya hiyo una sababu ya kuutoa, mfano mauzo yameandikwa kwa maelfu wakati mengine yote ni mamilioni, toa na uandike umetoa na kwa nini, na uweke matokeo yote mawili, nao ukiwepo na usipokuwepo. Ikibaki 0.11 ibaki.

Mimi ni mjumbe wa kamati ya usimamizi ya SACCOS yetu. Nimesikia kuna njia ya kugundua wizi kwa kuangalia tarakimu ya kwanza tu ya kila malipo. Ni kweli au stori za mtandaoni? Mjumbe, Njombe

Ni kweli, ila ina masharti yake.

Mtaalamu mmoja wa astronomia, Simon Newcomb, mwaka 1881 aligundua kwamba vitabu vya logi, yale majedwali ya logarithi ya kufanyia hesabu, vimechafuka kurasa za mwanzo kuliko za mwisho, yaani watu wanatafuta namba zinazoanza na 1 mara nyingi kuliko za 9. Frank Benford akaja 1938 akapima namba zaidi ya elfu 20 za kila aina, mito, idadi za watu, akakuta hivyo hivyo. Tarakimu 1 inaanza karibu asilimia 30, tarakimu 2 asilimia 17.6, inashuka hivyo mpaka 9 ambayo haifiki hata asilimia 5. Sababu sio ngumu: mtu mwenye laki moja mpaka afike laki mbili inabidi ajidabo, lakini mwenye laki tisa akiongeza kidogo tu, asilimia 11, anagonga milioni na tarakimu inarudi kuwa 1. Mark Nigrini ndiye aliyeisukuma sana hii kwa wakaguzi wa hesabu, maana mtu anayetunga namba kichwani hajui huo mgawanyo, anatawanya tarakimu sawasawa akidhani ndo zinafanana na bahati nasibu.

Masharti sasa. Isitumike kwenye namba zilizopangwa na watu. Hisa za mwanachama ni elfu hamsini kila mmoja, zote zitaanza na 5, utamshika karani bure. Mishahara hapana, ada hapana, namba za simu hapana. Itumie kwenye malipo ya aina mbalimbali, yawe mamia kadhaa au maelfu, sio vocha arobaini.

Nikuonyeshe nilichowahi kukiona kwa macho, taasisi siitaji. Mhasibu alikuwa na ruhusa ya kulipa mpaka laki tano bila saini ya pili. Nikapanga malipo ya mwaka kwenye Excel, nikahesabu tarakimu ya kwanza, 4 ikawa imesimama kama mnazi katikati ya mihogo. Nikachuja zinazoanza na 4, zikaja hivi: 480,000, 495,000, 490,000, 498,500, 495,000. Mlipwaji yule yule, ukarabati wa jenereta, wiki mbili. Yaani kazi moja ya milioni mbili na ushee imekatwa vipande vipande ipite chini ya mlango. Sasa nisikilize vizuri: tarakimu haikuniambia kuna wizi. Iliniambia nifungue vocha zipi kwanza kati ya elfu moja mia tano. Jenereta nilienda kuliangalia kwa miguu yangu, na lilikuwa halijaguswa.

Wewe anza na ukomo wenu wa saini, uko shilingi ngapi? Chuja malipo yaliyo chini yake kidogo. Hiyo hata Benford haihitaji.

Naweza kutumia Z-score ya Altman kwenye chama chetu cha ushirika cha kahawa? Moshi

Kwa wasioijua, ni kipimo cha kukadiria kama kampuni inaelekea kufilisika. Ile ya mwanzo hapana. Edward Altman aliitengeneza 1968 kwa kampuni 66 za viwanda za Marekani, 33 zilizofilisika na 33 zilizokuwa hai, na moja ya vigezo vitano inataka bei ya hisa sokoni. Chama chenu kina bei ya hisa sokoni? Alikuja kutoa matoleo mengine yanayotumia thamani ya vitabuni, yaani ile iliyo kwenye hesabu zenu badala ya sokoni, angalia hayo, lakini ile mipaka ya hatari na usalama, 1.81 na 2.99, mnayokariri usiihamishe nayo, ni ya toleo la kwanza.

Makala nzuri zote zinalipiwa, dola thelathini, arobaini. Na kuna jarida limeniandikia kwamba watachapisha kazi yangu ndani ya siku tano nikilipa dola 150. Nilipe? Mwanafunzi, Bujumbura

Usilipe, wala usiwajibu. Jarida la kweli la uhasibu linakaa na kazi yako miezi, linakurudishia maswali ya kukutoa jasho, na mara nyingi mwisho wake linakukatalia. Hao wa siku tano hakuna aliyesoma hata kichwa cha habari.

Kuhusu makala za kulipia, weka jina la makala kwenye Google Scholar, bonyeza pale palipoandikwa matoleo yote, mara nyingi kuna PDF ya bure ambayo mwandishi ameiweka mwenyewe kabla haijachapishwa. Kisha nenda SSRN, huko kuna rasimu za tafiti za fedha na uhasibu kibao, na kwa taarifa yako mmoja wa walioianzisha mwaka 1994 ni huyo huyo Jensen wa bajaji za Morogoro hapo juu. Muulize pia mkutubi wa chuo kama wako kwenye Research4Life, mpango wa kuvipa vyuo vya nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu, vyuo vingi vya kwetu viko na wanafunzi hawajui. Ikishindikana kabisa muandikie mwandishi mwenyewe, mistari minne, jina lako, chuo, makala gani, asante. Mimi mwaka huu nimeandikia saba, watano wakajibu, mmoja kanitumia na data zake zote kwenye Excel bila hata kuniuliza nazitakia nini.